Njia Zote za Kwenda Cartagena

Safari hii ilianza kwa simu ya mama. Dada yangu Wakesho hupika keki kwenye meli za watalii, na huko melini alikuwa amechumbiwa na mpishi mwenzake, Andrés, kijana wa Cartagena, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Kolombia, kwenye Bahari ya Karibi. Harusi ilikuwa ifungwe hukohuko, Jumamosi moja wiki kadhaa mbele. Mama alinipigia kutoka Wundanyi nikiwa naosha vyombo chumbani kwangu Doha.

"Mghoi, wewe ndiye uko karibu."

"Karibu na wapi, Mama?"

"Si nyote mko ng'ambo?"

Nilimweleza kwamba kutoka Doha hadi Cartagena ni karibu mara nne ya kutoka Doha hadi nyumbani. Hilo halikumgusa.

"Baba yenu angekuwepo angeenda yeye. Mimi magoti haya siyapandishi ndege. Nenda ukae nao, ule kwao, kisha uniambie jambo moja tu. Dada yako akichelewa kurudi, katika nyumba ile kuna mtu wa kutoka kwenda kumtafuta? Ukisema yupo, nawabariki. Ukisema hayupo, watafunga harusi yao, lakini baraka yangu wasiingoje."

Nilikaa kitandani na sahani mkononi, maji yakinichuruzikia miguuni. Mimi nikitaka kununua sabuni hupita maduka matatu, kisha hurudi kwenye lile la kwanza. Nina shahada ya takwimu, na sijawahi kuwa na uhakika wa jambo lolote. Sasa nilikuwa nimepewa ndoa ya dada yangu niipime.

Doha, wiki za maandalizi. Ninaishi mtaa wa Najma, chumba kimoja na Nakato, Mganda anayeendesha gari la familia moja ya The Pearl, mtaa wa matajiri. Kila jioni akirudi alinikuta nimekunja miguu mbele ya kompyuta nikitafuta njia. Hakuna ndege niliyoipata ya kutoka Doha hadi Cartagena moja kwa moja. Lazima ubadilishe mara mbili au zaidi. Kupitia Marekani kulidai viza hata kwa mtu anayebadilisha ndege tu, kwa hiyo njia hiyo niliifuta. Kupitia Ulaya nilisoma kurasa nyingi kuhusu viza ya kupita, na kila ukurasa ulinipa jibu lake. Nayo nikaifuta. Ilibaki São Paulo, kisha Bogotá, kisha Cartagena. Ilibaki pia Istanbul na Panama. Na ukiwa Panama unaweza kuruka kwa muda mfupi tu au kupanda mashua ya tanga inayopita visiwani kwa siku kadhaa. Habari za mashua nilizisoma hadi mwisho, nikiwa nimeshika ukingo wa kiti.

"Nyabo," Nakato alisema, yaani bibie kwa Kiganda, akivua viatu, "watu wamekwenda mwezini kwa mipango midogo kuliko hii."

"Na nikichelewa Bogotá?"

"Utapanda nyingine."

"Na nyingine ikijaa?"

"Utapanda basi. Utapanda punda. Lala!"

Sikulala. Nilitafuta habari za basi. Kutoka Bogotá ni mwendo wa mchana na usiku kushuka milima. Lakini kuna mji mwingine wa pwani, Barranquilla, wenye uwanja wake wa ndege, na kutoka hapo basi la Cartagena huchukua saa mbili hivi au zaidi kidogo. Hilo nalo nikaliweka akiba.

Ijumaa, siku ya mapumziko huko, tulikwenda Mesaimeer, yaliko makanisa, kwenye ibada. Kiongozi wa maombi alitangaza kwamba ninasafiri, akaniuliza tuombee njia ipi.

"Zote," nikasema, "kama inawezekana."

Kanisa lilicheka, lakini waliomba, na mimi nilifumbua jicho moja kuhakikisha wanaomba.

Hatimaye nilikata tiketi ya São Paulo na Bogotá. Nilimwandikia Wakesho kwamba ningefika uwanja wa ndege wa Cartagena Alhamisi asubuhi. Ujumbe ungepaswa kuishia hapo. Lakini niliongeza: ikishindikana, nitakuja kwa basi kutoka Barranquilla, na ikitokea nimelazimika kugeuzia Panama, basi huenda ikawa mashua. Ujumbe huo ulijaza skrini yake yote, naye alijibu kwa neno moja: "Sawa."

Asubuhi ya kuondoka, Nakato alinipeleka uwanja wa ndege kabla ya kwenda kazini. Nilibeba begi moja dogo tu, kwa kuogopa mizigo kupotea, na ndani yake leso mpya ya Mama Andrés. Kila baada ya dakika chache niligusa mfukoni kuhakikisha pasi ipo, na kadi ya njano ya chanjo ipo.

"Ukiigusa tena itachanika," Nakato alisema. "Nenda. Ukifika, uniambie. Usipofika pia uniambie."

Angani, kuelekea São Paulo, tulifuata jua mchana kutwa, na mchana ukakataa kwisha. Nililetewa chakula hadi nikapoteza hesabu ya kipi ni cha asubuhi na kipi ni cha jioni. Niliutumia muda huo kutunga namna ya kuipima nyumba ya watu. Niangalie jikoni? Niangalie wanavyosemeshana? Na mtu hujuaje, kwa siku tatu za harusi ambapo kila mmoja amevaa vizuri na anatabasamu, kama kuna atakayetoka nje mvua ikinyesha?

São Paulo nilikaa uwanjani bila kutoka, nikibanwa na hofu ya kukosa lango.

Bogotá, asubuhi. Mji uko juu sana na baridi yake inafanana na ya kwetu Taita mwezi wa saba. Foleni ya uhamiaji ilizunguka ukumbi mzima. Nilipopigiwa muhuri na kukimbia hadi upande wa pili, ndege ya Cartagena ilikuwa imeondoka. Kulikuwa na sikukuu, na nafasi za kwenda Cartagena siku ile zote zilikuwa zimejaa. Mhudumu aligeuza skrini yake nione: kiti kimoja, Barranquilla, sasa hivi.

Nilikubali kabla sijafikiri. Kisha nikatoa simu nimjulishe Wakesho, nikakuta imezima. Nikatoa chaja. Doha na Kenya soketi ni zilezile za pini tatu nene. Kolombia ni vitundu viwili vyembamba. Nilikuwa nimefikiria mashua za tanga, nikasahau soketi. Namba ya Wakesho nayo ilikuwa ndani ya simu iliyokufa.

Barranquilla joto lilinipokea mlangoni, zito na lenye chumvi, nikakumbuka Mombasa. Nilichukua teksi hadi stendi, nikasema "Cartagena" kwa kila mtu hadi mmoja akanisukumia ndani ya basi. Njiani tulipita mabwawa na ng'ombe weupe, na wachuuzi walipanda wakiuza vitumbua bapa vya mahindi vilivyokaangwa vikiwa na yai zima ndani. Nilikula viwili kwa wasiwasi. Akilini nilimwona Wakesho uwanja wa ndege akitazama mlango usiotoa mtu. Nilimwona mama akingoja simu. Nilijiona nikishuka katika mji nisiojua hata jina la mtaa wao.

Cartagena, baada ya adhuhuri. Stendi ya mabasi iko nje kabisa ya mji. Nilishuka na begi langu, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa mwanamume wa makamo, amekaa kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho, ameegemeza kipande cha boksi magotini. Kiliandikwa MGHOI.

Nilisimama mbele yake nikajigusa kifua. Aliruka, akakumbatia begi langu pamoja na mimi, akapiga simu na kunibandika sikioni.

"Mghoi?" Ilikuwa sauti ya Wakesho.

"Dada! Ulijuaje nakuja kwa basi?"

"Sikujua! Huyo ni mjomba wa Andrés, yuko hapo tangu asubuhi. Mimi na mama mkwe tuko uwanja wa ndege. Binamu yao Yolanda yuko bandarini."

"Bandarini anafanya nini?"

"Si uliandika mashua! Niliwasomea ujumbe wako mezani, wote. Mama mkwe akasema basi tugawane."

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikacheka huku machozi yananitoka, na mjomba akanifungulia soda.

Nyumba yao iko mbali na ukuta wa kale ambao watalii huupiga picha. Mama Andrés alinishika mashavu kwa mikono miwili, nami nikamfunga leso kiunoni, akazunguka nayo sebule nzima. Tulikula samaki na wali wa nazi, ila wao ni wa kahawia na una utamu kidogo. Yolanda aliingia mwisho, pua imebabuka kwa jua, akasema maneno marefu. Wakesho alinitafsiria: "Anasema ameuliza kila mashua. Anasema leo mtu akimtajia Panama atampiga."

Nilipoazimwa chaja, nyumbani ilikuwa karibu saa sita usiku. Mama alipokea mara moja.

"Umekaa nao?"

"Saa mbili tu, Mama. Lakini jibu ninalo. Wapo."

"Mbona haraka? Wewe?"

"Walinitafuta uwanja wa ndege, stendi na bandarini, kwa wakati mmoja."

"Bandarini? Ulikuwa unakuja kwa meli?"

"Hapana. Niliandika tu kwamba ingewezekana."

Mama alicheka hadi akakohoa. "Basi kama wamekuweza wewe, Wakesho watamweza. Mpe simu."

Sikusikia alichomwambia. Nilimwona dada akipiga magoti sakafuni, simu sikioni, na Andrés akapiga magoti kando yake bila kuelewa neno.

Jumamosi walifunga ndoa, na Jumatatu nilianza kurudi Doha kwa njia ileile. Safari hii usingizi ulinichukua kabla ndege haijaacha ardhi. Wasiwasi wangu haujaniacha, na sidhani utaniacha. Nilichojifunza ni kwamba unaweza kuwapa watu wasiwasi wako wote, hadi ule wa mashua, nao wakabeba kiti cha plastiki wakaenda kuungoja.

Juzi mama alipiga tena. Magoti, anasema, yanaweza kujaribiwa.

"Niandikie njia zote," akasema. "Na zile zako za ikishindikana usiziache."

Nimemwandikia. Mashua nimeiweka mwisho kabisa, lakini nimeiweka.