Leseni ya Bi Naqiya na Chakula cha Waitaliano

Bi Naqiya alikuwa na miaka hamsini na tisa alipoamua kujifunza kuendesha gari, na aliyemtia wazo hilo kichwani, bila kukusudia, ni mumewe mwenyewe.

Mumewe, Abdulhussein, hutengeneza cherehani katika duka lake mtaani kwetu, Mji wa Kale. Mwaka ule alipasuliwa jicho, daktari akamkataza kushika usukani kwa miezi mitatu. Vichochoro vya huku kwetu havipitishi gari, kwa hivyo gari lao likabaki karibu na Ngome ya Yesu likila vumbi, mpaka paka akazalia chini yake. Naqiya akawa ni wa kuhangaika na tuktuk kila akitaka kwenda sokoni. Siku moja akachoka.

"Gari ni zima, mimi ni mzima," alimwambia mumewe. "Kibovu ni jicho lako tu. Sasa mbona tunahangaika sote?"

Abdulhussein alicheka mpaka jicho likamuuma. "Haya, jifunze. Ukipata leseni, nitakupeleka ukale kwa Waitaliano kule Mbaraki."

Hoteli hiyo ilikuwa mpya, ya watu wazito. Lakini Abdulhussein aliahidi kama mtu anayeahidi zawadi siku punda atakapoota pembe. Kesho yake asubuhi mkewe akaenda kujiandikisha.

Mwalimu wake alikuwa mwanamke kijana aitwaye Purity, asiyependa maneno mengi. Siku ya tatu tu alimpeleka Shimanzi, katikati ya malori ya makontena. "Mama, ukiyazoea haya, hakuna kitakachokutisha." Bi Naqiya hakutishika, ila alizidisha adabu. Kila dereva aliyempa njia, alisimamisha gari akamshukuru, akamuuliza na hali, huku nyuma yake honi zikilia kama harusini.

Mtihani wa kwanza alianguka palepale kwenye ubao wa barabara za mfano na vigari vya kuchezea, kwa sababu alibishana na mtahini juu ya kipilefti. Wa pili, gari lilirudi nyuma mlimani. Wa tatu alifanya kila kitu sawasawa, ila alipofika kwenye makutano aliwapisha watu wote: pikipiki, mikokoteni, mbuzi wawili na mtu aliyekuwa hata havuki. Mtahini alipiga miayo, akaandika alichoandika.

Mara ya nne alifaulu. Alimpigia mumewe simu akiwa bado ndani ya gari la mtihani, na Abdulhussein, aliyekuwa na sindano mdomoni, nusura aimeze.

Ahadi ni deni. Alipiga simu hotelini mwenyewe, akaweka meza, akaagiza na keki ya siri ya kumpongeza mkewe kwa leseni, simu ikikatikakatika. Jumamosi, baada ya magharibi, alivaa kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, na mkewe akavaa rida mpya ya rangi ya embe, vazi la stara la wanawake wa Kibohora. Naqiya ndiye aliyeendesha. Mlangoni, mfanyakazi alinyoosha mkono apewe ufunguo akaliegeshe gari.

"La, mwanangu," Naqiya akamwambia. "Nimeutafuta ufunguo huu mwaka mzima."

Aliegesha mwenyewe. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena, mpaka walinzi wawili wakaja kutazama.

Ndani, taa zilikuwa hafifu, na Abdulhussein kwa jicho lake lile hakuona hata herufi moja ya orodha ya vyakula. Akawasha tochi ya simu. Mhudumu wao, Bramwel, kijana mpole wa kutoka bara, alisimama kando mikono nyuma.

"Tuletee huyu samaki," alisema Abdulhussein.

"Huyo leo hayupo, mzee."

"Basi mkate huu wa jibini."

"Tanuri limeharibika."

"Kilichopo ni nini?"

"Tambi, mzee. Za aina mbili."

Wakaagiza zote mbili. Naqiya akaomba chumvi kidogo, maana kwao Mabohora chakula huanza kwa kuonja chumvi, halafu watu wote hula katika sinia moja. Bramwel aliona haya. "Mpishi hataki chumvi mezani, mama. Husema chakula chake kimekamilika."

"Simtilii chumvi mpishi. Naonja tu."

Akaletewa chembe chache katika kibakuli kidogo kama cha kutilia wanja.

Walikaa karibu saa nzima. Sahani zilipofika zilikuwa kubwa kama usukani. Katikati ya moja mlikuwa na vifuko vinne vya unga uliokandwa, na katika nyingine kishungi cha tambi. Abdulhussein alitafuna, akasikia kitu kigumu katikati. Tambi alizozijua yeye ni zile za sukari na iliki, laini, za asubuhi ya Idi.

"Hazijaiva?" alimnong'oneza mhudumu.

"Ndivyo zinavyoliwa, mzee."

Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitabasamu. "Tamu," akasema Naqiya.

"Tamu sana," akajibu yeye, na kila mmoja akameza uongo wake kwa maji.

Mara mlango wa jikoni ukafunguka. Wahudumu sita wakatoka wakipiga makofi na kuimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, mbele yao keki yenye mshumaa, imeandikwa "Nakia, miaka hamsini". Ukumbi mzima ukageuka. Mzungu mmoja mzee akainua bilauri yake. Abdulhussein alijiinamia, aliona aibu mpaka masikioni.

Naqiya alisimama, akazima mshumaa kwa pumzi moja. "Mmenipunguzia miaka kumi," aliwaambia. "Mungu awabariki." Ukumbi ukacheka, naye akakata keki akawagawia wahudumu wote. Kilipofika kipande chake, kilikuwa kikavu.

Walipoiacha Mbaraki, Abdulhussein alimgeukia mkewe ndani ya gari.

"Naqiya, chakula kile kilikuwa kibaya."

"Kibaya sana, Baba Tahseen," alijibu, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Na mbona ulisema kitamu?"

"Ulikuwa umependeza na kofia yako."

Akaivua kofia, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuahidi kwa sababu nilijua hutafaulu."

"Najua," alisema Naqiya, akimpisha mwenye baiskeli. "Ungeahidi kwa kuniamini, pengine ningeacha nilipoanguka mara ya pili. Kila nikirudi mtihanini, nilikuwa narudi kukutia adabu."

Abdulhussein aliangua kicheko, na mkewe akacheka naye hata ikabidi asimamishe gari kando ya njia ajifute machozi. Nyumbani walipasha moto wali na dengu za mchana, wakavimaliza vyote.

Jumatatu, dukani, majirani tulimuuliza kwa Waitaliano kulikuwaje. Abdulhussein akasema chakula cha kule hakielezeki. Naqiya, aliyekuwa akimletea chai, alisema hilo ni kweli kabisa.

Siku hizi kila Jumatano Naqiya humpeleka jirani yetu Bi Ummukulthum kliniki, na Ijumaa huwazungusha wanawake watatu sokoni. Jicho la Abdulhussein limepona zamani. Wiki iliyopita aliomba gari aende kutazama cherehani ya mteja, akaambiwa siku nyingine aseme mapema.