Pointi Kumi na Mbili za Mashine ya Unga

Kwa miaka kumi na tisa, yule mama alikuwa ndiye sauti ya hospitali. Ukipiga namba kuu, aliyekupokea ni yeye. Chumba cha swichibodi kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya ngazi, hakina dirisha. Viti viwili, mashine mbili, na feni moja iliyokuwa ikiupepea ukuta. Namba za ndani mia tatu na ushee alikuwa nazo kichwani. Wauguzi ambao hawajawahi kumtia machoni walimgeukia dukani akiomba sabuni, wakasema ala, kumbe ni wewe.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwema lakini mwenye kelele. Nyundo na grainda zilimzoesha kupayuka hata akiomba chumvi. Hawakujaliwa watoto. Yeye mwenyewe alipenda kutania kwamba alizaa mara moja tu, akazaa shindano.

Shindano hilo lilianza hivi. Mtandaoni, katika mabishano ya washabiki wa Eurovision, yale mashindano ambayo kila nchi hupeleka wimbo mmoja kisha nchi hizo zikapigiana kura, alikutana na mwalimu wa hesabu wa mji mwingine. Wote wawili walilalamika kwamba mara moja kwa mwaka haitoshi, na kwamba dunia imejaa nyimbo nzuri zinazozeeka bila kusikika. Mwalimu akasema, basi tuanzishe letu. Duru ya kwanza walikuwa kumi na wawili. Kufika duru ya ishirini walikuwa arobaini: dereva wa kreni, mwokaji mikate, bibi mstaafu wa posta, kila aina ya watu. Kila mtu alipangiwa nchi kwa kura, akatafuta wimbo wa nchi hiyo usiojulikana, akauweka kwenye ukurasa wao. Walisikiliza wiki mbili. Halafu kila mmoja aligawa pointi, moja hadi nane, kisha kumi, kisha kumi na mbili kwa wimbo alioupenda kuliko zote, na ilikuwa lazima aandike sentensi mbili za sababu. Jumamosi alasiri walionana kwa video kusoma matokeo, kila mtu kapendeza kuanzia kiunoni kwenda juu. Zawadi haikuwepo. Mshindi alichagua rangi ya ukurasa kwa duru inayofuata, na kwa rangi hiyo watu wazima walinuniana.

Kanuni alizitunga yeye. Kali kuliko zote ilikuwa ya nne: jaji atakayetoa pointi bila kusikiliza wimbo, anatolewa. Aliandika kwamba mtu amehangaika siku nzima kukutafutia wimbo, kumpa alama bila kumsikia ni kumtemea mate. Watu walimheshimu kwa hilo. Walimwita Mama Pointi, na mumewe naye akalidaka jina. Akirudi kutoka karakana alibisha hodi akiuliza kama Mama Pointi yupo, au ameenda Ulaya.

Sikio la kushoto lilianza kumsaliti duru ya ishirini na tano. Alidhani ni nta. Akalisafisha, akatia matone, akangoja. Kisha la kulia likafuata. Hakuwa kiziwi, sauti nzito zilimfikia vizuri, na mumewe alimsikia kuliko mtu yeyote. Kilichopotea ni vitu vyembamba. Filimbi zilikwenda kwanza. Halafu herufi zenyewe zikaanza kuanguka kutoka kwenye maneno ya watu, s na t na f, akawa anapokea sentensi zenye mapengo kama mdomo wa mzee. Kazini alipandisha sauti ya mashine hadi mwisho. Alimwomba mpigaji arudie, mara moja, mara mbili, ya tatu aliona aibu akabahatisha. Mwanamke mmoja aliyetafuta wodi ya watoto aliunganishwa na jikoni, akagombana na mpishi mkuu dakika nzima kila mmoja akimwona mwenzake mwendawazimu. Mwenzake wa kiti cha pili alicheka hadi akatokwa machozi. Yeye naye alicheka.

Kumwona daktari wa masikio alikwenda mbali, zahanati ya upande mwingine wa mji, ili asikutane na mtu wa kwao. Daktari alimpima, akachora mstari unaoteremka kama ngazi, akamweleza kwamba mishipa ya ndani inakufa na hakuna dawa ya kuifufua. Kipo kifaa cha kuvaa sikioni, kitamsaidia.

"Na nyimbo?" akauliza.

Daktari alisogea mbele ili midomo yake ionekane. "Maneno ya watu, ndiyo. Nyimbo siwezi kukuahidi."

Kifaa hakukichukua. Angekivaa kazini, msimamizi angekiona siku hiyo hiyo. Na nani anaweka kiziwi kwenye simu za hospitali? Akaweka karatasi ya vipimo ndani ya mkoba wa nguo za zamani, hakumwambia mtu.

Kwenye shindano alijifunza ujanja. Wanachama walikuwa na mdomo. Kabla ya kupiga kura walijadiliana kwa maandishi, huyu akisifia kiitikio, yule akiponda gitaa. Mama Pointi alisoma yote, akapima upepo, akagawa pointi zake. Spika ndogo aliiweka mezani akaifunika kwa kiganja, ili walau ngoma impite mkononi. Sababu zake ziliendelea kuwa tamu, kwa kuwa alijua kuandika. Alimaliza duru tatu hivyo. Kila alipobonyeza kitufe cha kutuma, alijiambia kwamba duru ijayo atasema. Duru ijayo ilikuja na hakusema. Kule ndiko mahali pekee duniani ambapo watu walingoja kusikia anaonaje.

Duru ya ishirini na tisa, mwokaji mikate alipata nchi moja ya milimani. Wimbo aliouchagua ulikuwa wa mwanamke aliyeimba pamoja na ngoma, na kwa furaha yake aliutangaza kabla hajauweka, akaeleza habari za mwimbaji tangu utoto. Lakini wiki hiyo mashine yake ya kukandia unga ilikuwa inaumwa, na fundi alikuwa amemwomba amrekodie mlio wake. Mwokaji, vidole vikiwa na unga, akatuma vitu viwili kwa wakati mmoja na kuvichanganya. Fundi akapata wimbo. Ukurasa wa shindano ukapata dakika nne za mashine ya unga.

Ilikuwa asubuhi, watu wako makazini. Mama Pointi alikuwa na zamu ndefu siku zilizofuata, akaamua kumaliza kura mapema. Akaweka kiganja juu ya spika. Mpigo ulikuja imara, du, du, du, haukutetereka. Akakumbuka maelezo ya mwokaji. Akatoa pointi kumi na mbili, akaandika: "Ngoma inatembea kama mtu anayejua aendako. Halafu sauti ya mama huyu inapanda juu yake kwa upole, nimebaki na machozi."

Kufikia adhuhuri kundi zima lilikuwa limesikia mashine na kusoma sentensi zile mbili. Kwanza waliangua kicheko. Mwokaji mwenyewe aliandika kwamba mashine yake haijawahi kusifiwa hivyo, ataipaka rangi. Kisha mtu akauliza, polepole, imekuwaje? Mwingine akafukua duru zilizopita. Mwalimu wa hesabu, ambaye alitunza majedwali yote, hakutaka kuangalia lakini akaangalia, na akaona kwamba kwa duru tatu pointi za Mama Pointi zilifuata maoni ya wenzake kama kivuli. Vicheko vikakatika. Dereva wa kreni, ambaye alishika mkia duru ya ishirini na nane, aliandika kwamba alikesha akitafuta wimbo ule, na leo anajua haukusikilizwa.

Mwalimu alimpigia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na ndani ya simu ilibaki mvumo tu. Mama Pointi alisema "ndiyo", akasema "sawa", akanyamaza mahali ambapo huenda palihitaji jibu. Baadaye alijua kwamba mwalimu alikuwa amemuuliza mara nne, "Dada, una tatizo gani?", akauchukua ukimya ule kuwa ni dharau. Akakata.

Alikaa kitandani na simu mapajani. Angeandika mstari mmoja tu, masikio yangu yanakufa, na wote wangelia naye. Lakini katika kundi lile alikuwemo mfamasia wa hospitali yao, ambaye Mama Pointi mwenyewe ndiye alimwingiza, mtu mzuri asiyeweza kutunza neno hadi jioni. Kesho yake habari zingekuwa mezani kwa msimamizi. Aliandika mistari mirefu, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akatuma hii: "Ni kweli. Sikuzisikiliza. Kanuni ya nne ifuatwe."

Ikafuatwa. Ukurasa aliouzaa miaka saba nyuma ukamfungia mlango, na yeye akalala chali, macho kwenye dari, akijiambia kwamba angalau kazi ameiokoa.

Kazi ilidumu siku kumi na sita. Siku ya kumi na saba, saa nne asubuhi, simu ikaja kwa haraka kutoka maabara: damu iko tayari, mhudumu aipeleke wodi sita. Alisikia "wodi", akasikia "-i-a". Sita au tisa? Aliomba irudiwe, upande wa pili ulikuwa umeshaweka simu. Alipiga maabara, haikupokelewa. Akatangaza kwenye vipaza sauti vya hospitali nzima, kwa ile sauti yake inayojulikana, kwamba damu ipelekwe wodi tisa. Katika wodi sita kulikuwa na mzazi aliyetoka kujifungua, akivuja damu. Mhudumu alipanda ghorofa mbili, akabishana mlangoni, akashuka. Robo saa ilipotea. Mzazi alinusurika, ila muuguzi aliyekuwa amemshika mkono alishuka hadi chini ya ngazi, akasimama mlangoni mwa swichibodi, akamtazama tu Mama Pointi, akaondoka.

Hakungoja aitwe. Alivua hedifoni, akaiweka juu ya mashine, akaenda ofisini kwa msimamizi.

"Mimi sisikii," akamwambia. "Imepita mwaka."

Msimamizi alikuwa mtu wa kupenda faili. Alifungua moja, akaifunga. Alimuuliza ni nani mwingine anayejua, akajibiwa hakuna. Jioni hiyo aliondolewa kwenye simu. Hakufukuzwa, alihamishiwa masjala, kupanga majalada ya wagonjwa kwa namba, kazi ambayo haihitaji mtu kusema wala kusikia.

Alipita karakana akamweleza mumewe kila kitu, akiwa amesimama kati ya mageti yaliyokuwa hayajapakwa rangi. Mume alizima grainda. Akavua miwani, uso umemshuka, akamshika mabega. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alisema naye kwa sauti ya chini, pole pole, kama watu wanavyosema na mgonjwa, na mkewe hakusikia hata neno moja. Hakumwomba arudie.

Mfamasia, bila shaka, aliufikisha ukweli kwenye kundi. Wiki iliyofuata mwalimu wa hesabu alisafiri kwa basi saa sita, akabisha kwenye nyumba ambayo alikuwa ameijua kwa pazia lake tu. Alikuwa mfupi kuliko kwenye video. Kufikia hapo Mama Pointi alikuwa amekwisha kukubali kifaa. Alimsikia, kila neno likija kama limetoka ndani ya debe.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngenihurumia, halafu mngeniondoa."

"Tulikuondoa hata hivyo, dada."

"Ndiyo. Lakini mliniondoa nikiwa mtu mwenye masikio."

Mwalimu alifuta macho kwa kiganja, bila kujificha. Alieleza kwamba wote wanamtaka arudi. Si lazima awe jaji. Atachezesha kura za nchi, atasoma matokeo, atatunza kanuni. Dereva wa kreni ameandika barua ya kuomba radhi, ndefu, yenye makosa mengi. Mama Pointi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba juzi alijifungia chooni masjala, akavaa kifaa chake, akafungulia wimbo mmoja, ule uliompa ushindi duru ya tatu. Alikuwa akiujua wote. Alisikia mabati yakiburuzwa, na ndani ya mabati mtu anapiga kelele.

"Unataka nikae karamuni nihesabu sahani," akasema. "Siwezi, mwalimu. Usinibembeleze."

Hakumbembeleza. Alikunywa chai, akamsaidia mume kubeba bomba moja hadi nyuma ya nyumba, akasindikizwa kituoni. Kabla ya kupanda basi alimwomba akubali jambo moja: atamwandikia baada ya kila duru, amweleze nyimbo zilivyokuwa. Alitikisa kichwa, kwa namna ambayo mwalimu angeweza kuielewa apendavyo.

Mwalimu alitimiza. Maelezo ya duru ya thelathini yalifika Jumatatu, marefu, kila wimbo na aya yake. Mama Pointi aliyafuta bila kuyafungua. Ya thelathini na moja aliyafuta pia. Ya thelathini na mbili yalimkuta Jumapili mchana, peke yake, kifaa kikiwa mezani kwa sababu kilimchosha sikio. Akafungua. Mwalimu alikuwa ameandika: "Wimbo wa kwanza, mwanamke anaanza peke yake, bila ala, na mwanzoni unadhani ananong'ona." Aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Akajaribu kuitafuta sauti hiyo kichwani, ya mwanamke yeyote anayenong'ona, akakuta hana tena.

Akageuza simu kifudifudi. Alipoinua macho dirishani aliona maji yakimwagika kutoka kwenye bati, mvua kubwa, iliyokuwa imenyesha muda mrefu. Akakimbia uani kuanua, lakini nguo zilikuwa zimekwisha kulowa zote.