Ndege Yangu na Jua la Ijumaa

Kuna aibu ambazo mtu huzisimulia akicheka, lakini hii yangu, jamani, nikifika katikati kicheko hukwama, kwa hiyo mnivumilie.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kaka yangu mkubwa alipofariki Nairobi alikokuwa akifanya kazi, na mama yetu, huko nyumbani Nyamira, akasema atakunywa maji tu, chakula hatatia kinywani mpaka mwanawe alale ardhini. Mwajiri wa marehemu akatupa hiari: gari limlete Alhamisi, kutwa nzima barabarani, au ndege imfikishe Kisumu siku ya Ijumaa. Wazee wakanigeukia, kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyewahi kupanda ndege (mara moja tu, nikimbebea bosi mkoba, na nusu ya safari nilifumba macho), nami badala ya kunyamaza nikakohoa kidogo, nikasema, "Nairobi mpaka Kisumu kwa ndege haifiki hata saa moja. Adhuhuri tutakuwa tumeshazika."

Mzee mmoja akauliza, "Na Sabato je?" maana sisi ni Wasabato, na jua likizama Ijumaa hakuna jembe linaloinuliwa. Nikamcheka! "Mzee, hiyo ni ndege, si ng'ombe wa kuswagwa." Wazee wakaniamini, wakachagua ndege.

Kumbe nilichokijua ni muda wa kukaa hewani tu. Ndege yenyewe iliondoka mchana, ikafika Kisumu ikazungukazunguka juu ya mvua kabla ya kutua, jeneza likashushwa baada ya abiria na masanduku yao yote, halafu lori tulilokodi likakwama kwenye tope la milima ya kwetu, tukalisukuma, mimi na suti yangu ya kuazima, huku nikilitazama jua kama mwizi anavyomtazama askari. Tulipoingia uani lilikuwa limeshazama. Kaburi liko wazi, watu wamejaa mpaka kwenye migomba, na mchungaji amefunga Biblia yake.

"Ndugu zangu," akasema polepole, "Sabato imeingia. Tutamlaza Jumapili."

Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mama alitoka nje akishikwa mkono, akaniuliza mbele ya wote, "Si ulisema ndege ina haraka?" Wanawake wakamletea uji wa wimbi, wakambembeleza, akasema, "Yaya," yaani hapana, "mwanangu hajalala." Mama wa umri ule, alale tena na njaa kwa sababu ya mdomo wangu! Sabato nzima watu waliimba, mimi nikaitazama midomo yake ilivyokauka.

Jumapili, kaburi lilipokwisha kufukiwa, akaomba uji. Akashika kikombe, akanitafuta kwa macho, akaninyooshea.

"Kunywa wewe kwanza. Nimekuona, nawe hujala."

Nilikunywa nikilia, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya wakwe na majirani. Tangu siku ile nimeapa sitamtajia mfiwa saa ya mtu wake kufika. Namwambia tu, tunakuja.