Nilivyoifungia Malampaka Mlango

Nina wivu, na sioni haya kusema. Mama alikuwa akisimulia kwamba mdogo wangu alipozaliwa nilikuwa namsukuma kutoka titini mpaka nachapwa. Sikukoma.

Naitwa Nyanjige, fundi cherehani hapa Bariadi, karibu na soko. Kushona nilijifunza pamoja na Elizabeth. Tulikuwa na cherehani moja ya kukanyaga. Yeye akikanyaga, mimi nakata vitambaa, kisha tunabadilishana. Miaka miwili tulikula sahani moja. Halafu akaolewa Mwandoya, kwa watu wa ng'ombe na pamba, mimi nikabaki na cherehani. Siku ile nililia kuliko mama yake mzazi.

Ndiyo maana jirani yangu Joakim, anayetengeneza kompyuta, aliponiambia habari za ule mtandao wa nyumba nyumba, nilimsikiliza. "Huu hauna bosi mmoja," alisema. "Kila kundi lina nyumba yake na mlinzi wake wa mlango. Nyumba zikielewana, watu wanafuatana, wanasomana, na kila mtu bado ana kwao." Akatufungulia nyumba ya mafundi cherehani, akaniweka mlinzi. Wa kwanza kumwingiza alikuwa Elizabeth. Wa pili Felisita, fundi wa mashati. Felisita akaleta wanakwaya wenzake, wanakwaya wakaleta mawifi zao, mara tukafika arobaini na mmoja.

Kila asubuhi nikishafungua duka naandika salamu yetu ya Kisukuma, "Mwangaluka." Wenzangu wanajibu, "Mhola duhu," na wa kwanza siku zote ni Elizabeth. Nikiliona jina lake, hata chai inapita vizuri.

Basi akatokea Scola.

Scola anauza wali pale stesheni ya Malampaka, na ni mlinzi wa nyumba ya mama lishe wa huko. Siku moja Elizabeth akasambaza picha ya wali wake, umechambuka punje punje, akaandika, "Jamani, huyu anajua!" Picha moja tu! Kesho yake Felisita akamfuata Scola. Kwaya nayo ikamfuata. Mama lishe wakaja kwetu kuulizia aproni. Wiki mbili hazijaisha, ukisoma hujui nani wa sindano, nani wa sufuria. Wote wanacheka, dada huku, dada kule. Mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu.

Asubuhi moja nikaandika salamu yangu, nikangoja. Nikamaliza kukata sketi mbili, Elizabeth kimya. Nikachungulia. Kumbe yuko kwa Scola tangu saa kumi na mbili, wanataniana, na amemwita "pacha wangu." Pacha! Mimi niliyekula naye sahani moja sijawahi kuitwa pacha. Mungu anisamehe nilichofanya.

Mlinzi ana kitufe cha kuifungia mlango nyumba nyingine. Nikakibonyeza. Kikaja kisanduku kimeandikwa "Sababu." Nikadhani ni kumbukumbu yangu mwenyewe, kama ninavyoandika vipimo vya wateja kwenye daftari. Nikamwaga moyo wote: "Yule muuza wali anajipendekeza kwa Elizabeth wangu. Apike wali wake, aache watu wa watu." Nikabonyeza tena, na Malampaka ikapotea.

"Wenzetu wa stesheni wako wapi?" Felisita akauliza.

"Mitambo yao imeharibika, poleni," nikajibu bila kupepesa macho.

Siku tatu nilikula raha. Elizabeth alirudi kuwa wa kwanza kunijibu. Nilishona huku naimba, mpaka wateja wakaulizana nimepatwa na nini.

Siku ya nne Elizabeth akanipigia simu.

"Nyanjige, mitambo ya Malampaka imeharibika?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Hebu fungua ukurasa wa kanuni za nyumba yako. Nenda chini kabisa, usome."

Nikafungua. Yesu wangu! Kila nyumba iliyofungiwa inaandikwa pale, na sababu yake pembeni, asome yeyote anayetaka. Maneno yangu yalikuwepo yote, na mama lishe walikuwa wameyasoma tangu siku ya kwanza.

"Huku nilikoolewa nilikuwa na watu wawili wa kunisemesha," akasema Elizabeth. "Mmoja umeniondolea, halafu ukanidanganya. Mimi ni ng'ombe wako, unifungie zizini?" Akakata simu.

Nikaufungua mlango mbio mbio, nikafuta ile sababu. Wapi! Joakim akanieleza kwamba ukishafunga, wote waliokuwa wanafuatana wanaachanishwa, na kufungua hakuwarudishi. Kila mtu aanze upya kumtafuta mwenzake. Elizabeth hakuanza upya. Alihamia nyumba ya Scola, ile ya Malampaka, na kwenye mtandao huu mtu akihama, wanaomfuata wanaenda naye, ila mimi alinitoa kwanza. Felisita akahama, na kwaya nyuma yake. Kwangu wakabaki sita, na wawili kati yao wamesahau nywila.

Nikaomba kumfuata Elizabeth kutoka kwangu. Hakunikubali. Na mazungumzo ya ndani ya nyumba ile wanayasoma wenyeji peke yao. Wiki nzima nikakaa na kiburi changu, nashona mishono inayopinda, nafumua. Mwisho nikashindwa, nikaomba kuwa mwenyeji wa Malampaka. Mimi, kumbishia hodi Scola! Fomu ilikuwa na swali moja tu: Nani anakujua hapa? Nikaandika jina la Elizabeth.

Jibu lilikuja mchana, kutoka kwa Scola mwenyewe: "Karibu, dada. Nilimuuliza Elizabeth, akasema hakujui. Nimekufungulia mimi tu. Kaa, atapoa."

Basi nimekaa. Elizabeth namsoma kila siku, kwa hisani ya Scola, na wivu unanitafuna vilevile.