Barua Niliyoisoma Mwenyewe

Aibu hii niliitafuta kwa mikono yangu. Nilikuwa mwalimu kijana pale Tongoni, na kila barua ya Kiingereza iliyoingia kijijini niliisoma mimi. Nisipolijua neno, nililibunia maana, na hakuna aliyenipinga.

Mwaka ule niliomba nafasi ya kulipiwa masomo ya chuo huko Uganda. Jibu lilipofika, mama na majirani walinizunguka. Juu niliona jina langu, katikati nikaona chuo kimetajwa, na mwanzoni palikuwa na neno moja nisilolijua. Lilikuwa limekaa pahala pazuri, nikalihesabu ni la hongera.

"Nimepata!" nikasema.

Ikasomwa dua, akachinjwa mbuzi, nami nikaiaga skuli kwa hotuba ndefu. Juma lililofuata nikapanda lori na sanduku jipya, mama na shangazi wakanisindikiza hadi ofisi ya elimu mjini Tanga.

"Shikamoo," nilimwamkia karani, mzee mwenye miwani. "Nimekuja kuchukua tikiti ya safari."

Akaisoma barua, akalitazama sanduku, akaisoma tena.

"Nani aliyekusomea hii?"

"Nimeisoma mwenyewe," nikajibu kwa fahari.

"Basi imeandikwa hivi: Tunasikitika kukuarifu kwamba hukupata nafasi."

Shangazi alikuwa keshaanza kupiga vigelegele. Mama akamshika mkono, kisha akanigeukia taratibu.

"Omari, na ile barua ya mahakama uliyomsomea mjomba wako, kweli alishinda kesi?"