Gauni Lililokuwa Likikua

Alizaliwa mwaka 1931, kitinda mimba wa fundi cherehani, katika chumba kimoja nyuma ya kituo cha treni. Watu walimwita Viraka, kwa kuwa hakuna nguo aliyoikatia tamaa. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja. Mwaka 1960 binti naye alikufa kwa homa, akiwa na miaka saba, na gauni lake la shule halijavaliwa hata mara moja.

Hapo jaribu lake lilianza. Kila siku ya kuzaliwa ya mtoto ilipotimia, Viraka alishusha upindo wa gauni lile nusu inchi, akalegeza mishono ya ubavuni, akalipiga pasi, akalitundika dirishani. Majirani hawakumcheka. Muuza mkaa alimletea makaa ya pasi siku hiyo bila kuombwa. Mwaka wa sita upindo uliisha. Viraka alizunguka maduka yote akitafuta kitambaa cha kuungia kinachofanana na kile, akakikosa, akaacha kula.

Asubuhi moja alifika bibi mtawa wa dini ya Buddha, joho lake limechanika begani. Watawa hao huvaa majoho ya vipande vya nguo zilizoachwa. Aliona gauni, akauliza mwenye gauni ana umri gani.

"Kumi na tatu," alisema Viraka. Kisha akasema, "Alikufa ana saba."

"Basi anayekua ni nani, mwanangu?"

Viraka alilia, na bibi hakumharakisha. Baadaye bibi alimweleza alivyofundisha Buddha, kwamba kila kilichoungwa hufumuka, tukikubali au tukikataa. Viraka akachukua wembe. Walifumua gauni hadi adhuhuri, mmoja akikata uzi, mwingine akishika kitambaa.

"Nimekuja kushonewa, nimepata kibarua," alisema bibi, na Viraka akacheka.

Kipande cha gauni kikawa kiraka cha joho, pale begani. Bibi alipoondoka nacho, Viraka hakumfuata mlangoni.

Mwaka 1968 aliingia utawani. Kwa miaka arobaini na moja wafiwa walimletea nguo. Alizipokea kwa mikono miwili, akauliza jina la marehemu, akafumua pamoja nao. Husimuliwa kwamba mama aliyekuwa bubu kwa huzuni alisema pale uzi wa tatu ulipokatika. Waliokuwepo wanasema aliomba maji tu.

Alifariki mwaka 2009. Waumini waliomba joho lake liwe kumbukumbu, wakakuta ameshaligawa akiwa hai, na hakuna anayejua kipande kipi kiko kwa nani. Anayetaka kumfuata afungue sanduku la nguo nyumbani kwake, atoe ile nguo moja ya marehemu wake anayoijua mwenyewe, ampe mwenye baridi.