Tonge la Bugali Lina Kalori Ngapi?

Muganga wa kituo cha afya alinifunga mkanda wa kupimia presha mkononi, akaupuliza, akatazama, akaupuliza tena. "Mama, tension yako iko juu. Na uzito umepita kiasi. Ukirudi mwezi ujao bila kupungua, nitakuanzisha vidonge vya kila siku." Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Nikamuuliza nipunguze vipi. "Hesabu kalori," akasema, akaita mtu mwingine.

Nilikwenda nyumbani nikitukana moyoni. Kalori nazijua. Nilisoma bio-chimie sekondari mpaka diplome. Mwalimu alichoma karanga chini ya chupa ya maji mbele yetu, tukapima joto. Lakini nani amewahi kuhesabu bugali? Simu ilinipa kalori za mkate, za jibini, za tufaha. Bugali ya muhogo haikuijua.

Swali likanikaa kichwani. Siku moja nikakata tonge langu la kawaida, nikalifunga kwenye mfuko, nikalipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu, kwa sababu hapa mjini Baraka mzani wa gramu uko kwao. Alikuwa na wachimbaji wawili. Akafungua mfuko.

"Mama, hii imetoka mgodi gani?"

"Wa jikoni. Pima."

Wachimbaji walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Lakini mnunuzi akapima: gramu hamsini na tatu. "Ukigundua mengine kule, utuite na sisi tuchimbe," akasema.

Nikapiga hesabu yangu: matonge manane kwa mlo, yasizidi. Nyumbani tunakula sahani moja, mimi, mama mkwe na wifi yangu. Nilihesabu kimya, ila midomo ilicheza. Tatu. Nne. Mama mkwe akasimamisha mkono.

"Unahesabu nini?"

"Matonge."

"Ya nani?"

Ukihesabu kwenye sahani ya pamoja, umemwambia mwenzako anakula kupita kiasi. Nikaona nirekebishe: kesho yake nikajipakulia sahani yangu peke yangu. Ujinga mtupu. Wifi akanitazama. "Eh, siku hizi unaogopa tutakuwekea sumu?" Mama mkwe akaacha kula. Siku mbili hakunisemesha.

Ya tatu nikalipuka. "Niko na tension! Na umri huu! Mnataka nimeze vidonge maisha yote ili msikasirike?"

Mama mkwe akakaa chini. "Tangu lini unajua?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili unahesabia batu mikono, na mudomo umefunga. Si mi ndiye napika? Ungeniuliza mi."

Basi nikamuuliza. Nikamwomba mafuta ya mawese ya kupikia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ayamwage kwanza kwenye kikombe kabla ya sufuria. Akamwaga kwa macho, kama siku zote. Kikombe kikajaa, na chupa bado ilikuwa imeinama. Wote watatu tukakitazama. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ya wanga nne. Hiyo niliikumbuka ya shule. Hasira iliyobaki nikajigeuzia mwenyewe: nilihangaika na tonge, kumbe nalichovya kwenye kikombe kile. Tena kulikuwa na uji wa mtoto. Kila alipobakiza, nilimalizia mimi, asubuhi, saa nne, jioni, sukari na yote. Ule sikuwahi kuuita chakula.

Kwa hiyo kuhesabu kunafaa? Mimi nasema kulinifaa kwa wiki moja, ya kugundua. Kuhesabu kila siku mpaka uzeeni, sijui nani anaweza. Wale wanaokula kila mtu na sahani yake ningependa kuwauliza: na kile wanachoonja jikoni, wanakihesabu?

Tulikata mawese yakawa nusu kikombe, na chumvi tukapunguza. Wifi alinuna, akazoea. Mabaki ya uji nikawapa kuku.

Mwezi ulipofika, mama mkwe alinisindikiza kwa muganga, mtoto mgongoni kwake. Uzito ulikuwa umeshuka kilo mbili. Mkanda ukapulizwa mara mbili. "Imeshuka. Bado si nzuri, lakini vidonge tungoje."

Nilitaka kusimama. Mama mkwe akanigusa bega, akanipa mtoto, akakunja mkono wa blauzi yake.

"Na mi nipime."

Yake ilikuwa juu kuliko yangu.